Nyumba njema si mlango: Apu itapitwa na wakati, data itabaki

Sema ukweli. Ukisikia msee fulani "anatengeneza apu", unampa heshima zake. Ukisikia mwingine "anashughulika na hifadhidata", unadhani anapanga faili kwa ofisi ya chifu. Kuanzia Chwele hadi Kitale, vijana wengi walio na laptopu wanataka kitu kimoja: skrini tamu na vitufe vya rangi. Chumba cha nyuma hakina mwenyewe.

Mimi nilitoka chuoni kabla ya kuvaa joho, kwa hivyo sikuletei mhadhara. Nakuletea ugomvi ambao umetokota miaka mingi kati ya makundi mawili ya watu wa kompyuta. Na unakugusa hata kama kazi yako ni boda ama shamba la mahindi.

Kundi la kwanza ni watengenezaji wa apu. Kwao hifadhidata, ile wengi wetu tunaita databesi, ni stoo tu. Unaweka vitu, unatoa vitu, basi. Akili yote ikae ndani ya apu. Kundi la pili ni wajenzi wa hifadhidata. Hawa wanasema stoo bila mlinzi ni karamu ya panya. Kanuni zikae palepale data ilipo, ili anayeingia kwa mlango wowote azikute zikimngoja.

Nani yuko sawa? Tuanze na kitu unachokijua: mbolea.

Ukitaka mbolea ya bei nafuu ya serikali, ile iliyoshushwa hadi Sh3,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka wa 2022 na kisha Sh2,500 mwaka wa 2023, lazima jina lako liwe kwenye sajili ya wakulima. Unaandikishwa kijijini, ujumbe unaingia kwa simu, unaenda kuchukua mzigo kwenye bohari la bodi ya nafaka, NCPB. Wewe unaona ujumbe tu. Lakini kinachoamua kama utapanda na mbolea ama bila ni safu moja ya maandishi ndani ya hifadhidata.

Sasa fikiria majina yetu. Kwa Wabukusu mtoto mara nyingi hupewa jina la msimu. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, wa mavuno ni Wekesa, wa palizi ni Wanyonyi, wa kiangazi ni Simiyu. Msimu mmoja unazaa akina Wafula wangapi Kabuchai peke yake? Ukiiambia mashine imtambue mkulima kwa jina, wawili watageuzwa mmoja, ama mmoja atageuzwa watatu. Ndiyo maana mjenzi wa hifadhidata huweka kanuni: nambari moja ya kitambulisho, mkulima mmoja, kwisha.

Utasema, "Si hiyo kanuni apu inaweza kuiangalia?" Inaweza. Lakini mfumo wa namna hii hauna mlango mmoja. Karani anaweza kuingiza majina kwa simu, mwingine kwa kompyuta ya ofisini, mwingine akapakia orodha nzima kutoka kwa faili. Ukiweka kanuni kwenye mlango wa kwanza pekee, marudio yataingilia ule wa tatu. Kanuni ikiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, milango yote mitatu inakula jibu moja: huyu tayari yuko.

Kuna jambo lingine gumu zaidi. Chukua vocha moja ya mbolea, watu wawili, bohari mbili. Mmoja yuko Kitale, mwingine Bungoma, na wote wanaingiza nambari ileile katika sekunde ileile. Apu ya Kitale inauliza, "Imetumika?" Inajibiwa bado. Ya Bungoma inauliza, inajibiwa bado. Gunia mbili zinatoka kwa vocha moja, halafu mkulima wa mwisho kwenye foleni anaambiwa mbolea imeisha. Hifadhidata iliyojengwa vizuri inafunga ile safu kwa muda. Wa kwanza anahudumiwa, wa pili anangoja, kisha anaambiwa hapana. Sekunde hiyo moja ndiyo kazi ambayo vijana wanaidharau.

Lakini tusiwaonee watu wa apu. Wana hoja. Kanuni ukizirundika zote ndani ya hifadhidata, kila badiliko dogo linakuwa safari. Unafungwa pia kwa kampuni moja iliyokuuzia mfumo, maana kila moja ina lahaja yake. Halafu watumiaji wakiongezeka, ni rahisi kuongeza mashine za kuendesha apu kumi kuliko kuigawa hifadhidata moja bila kuvuruga hesabu. Kwa hivyo rangi, lugha, mpangilio wa skrini, hata ofa za wiki, hizo ni za apu. Waachie.

Kile kisichofaa kuachiwa apu ni ukweli wenyewe. Mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Stoo isionyeshe gunia chini ya sufuri. Pesa ikitoka kwangu ifike kwako, ama isitoke kabisa. Hayo yalale na data.

Angalia M-Pesa. Ilianza Machi 2007 ikiwa menyu ndani ya laini ya simu. Mwaka wa 2015 mitambo yake ikahamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Mwaka wa 2021 Safaricom ikaleta apu mpya yenye sura ya kisasa. Nyuso zimebadilika, mitambo imehama, lakini salio lako halikuanza upya hata siku moja. Wewe hupendi ile menyu. Unapenda kwamba mia mbili zako zipo.

Na mbele kukoje? Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, akili bandia imejifunza kuchora skrini na kuandika msimbo upesi kuliko kijana aliyekunywa chai tatu. Kwa upande wa pili, kampuni za mawingu zimechukua kazi nyingi za mlinzi wa zamani wa hifadhidata: kuisakinisha, kuitunza, kunakili data usiku. Makundi yote mawili yamepunguziwa sahani.

Kinachobaki mezani ni maamuzi. Mkulima ni nani? Mwenye shamba ama anayelikodi? Nani aone nambari yake ya simu, na kwa nini? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hilo la mwisho si suala la ufundi tu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliharamisha utoaji wa kadi za Huduma Namba kwa sababu serikali haikutathmini kwanza hatari kwa data za wananchi. Hakuna aliyeenda kortini kulalamikia rangi ya kadi.

Kwa hivyo kama uko Kabuchai na laptopu ya kuazima, usiache apu. Ongeza SQL juu yake. Lugha hii ilizaliwa miaka ya 1970 kutokana na wazo la Edgar Codd wa IBM la kupanga data kwa majedwali, na bado inaajiri watu. PostgreSQL ni ya bure. SQLite ni ya bure, na kama simu yako ni ya Android, tayari imo humo ndani.

Anza na daftari la chama cha mama yako. Wanachama, michango, mikopo: majedwali matatu. Weka kanuni kwamba hakuna mkopo bila mwanachama, na hakuna mwanachama mara mbili. Kisha jaribu kuidanganya kwa kila njia unayoijua. Ikikukatalia, hapo umejenga kitu. Skrini utaipaka rangi kesho.