Pilau ya Mbinga Haifiki Mbamba Bay

Wana chuo wenzangu, likizo iliyopita nilikabidhiwa pesa za watu kumi na nane, kila mmoja elfu kumi aliyoibana kwenye bumu lake, nipange chakula cha pikiniki ya Mbamba Bay. Tulilala nyumbani kwetu Mbinga. Saa tisa usiku nikapika pilau, nikaijaza ya moto kwenye ndoo kubwa ya mama, nikabana mfuniko. Kwa baridi ile, nilijiona nimemaliza kazi.

Tulikula saa nane mchana. Yaani, tulitaka kula. Nilipofungua ndoo ilitoka harufu ya uchachu. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa pale ufukweni akasogea, akachungulia, akasema, "Wanangu, hicho msile." Wawili walikuwa wameshaonja. Usiku walitapika mpaka tukaogopa.

Nilipanga chakula kwa hali ya hewa ya mahali nilipopikia, si ya mahali tulipokwenda kulia. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari; Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Barabara haifiki kilomita 70, lakini unaondoka na sweta unafika unatafuta kivuli. Bakteria wa chakula huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ndoo iliyofungwa hupoa polepole mno. Pilau yangu ilikaa humo karibu saa kumi na moja. Halafu wali una ubaya wake: yupo bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na sumu anayoiacha haiondoki hata ukiupasha moto. Ile "tuipashe tu" ya hosteli haiokoi kitu.

Kwa hiyo safari ya pili tuliteremka na vitu vikavu: unga, chumvi, karanga, nyanya na vitunguu vizima, ndimu. Unga robo kilo kwa kichwa unatosha, na wenye njaa wanabakiza. Samaki tulinunua mwaloni asubuhi, tukapikia palepale. Hapa angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, basi asubuhi unakuta ndoo tupu na bei juu. Upepo wa mwera ukivuma nao, mitumbwi haitoki.

Maji ya kunywa tulibeba lita mbili kwa mtu, madumu mawili ya lita 20. Ziwa linaonekana safi mpaka unaona mawe chini, ila usilinywe bila kuchemsha. (Kichocho nacho kipo, kinaingia kwa ngozi, hivyo wa kuogelea wajihadhari na kingo zenye majani.) Togwa ibebe, lakini usijaze chupa mpaka shingoni, kwenye joto inaendelea kuchachuka, na ya kwetu ilirusha kizibo ndani ya Noah.

Yule mama alitusongea ugali wa muhogo, tukamlipa kwa pesa iliyobaki ya nyama.

Ndoo ya mama yangu haikupona ile harufu. Siku hizi inabebea mbolea ya kahawa.