Je, Wajua? Rimu, Tairi na Alaimenti ya Subaru Impreza

Je, wajua kwamba WRX STI mbili zenye sura moja zinaweza kukataa kuazimana rimu? Ile ya modeli ya 2004 ina studi tano zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Ya 2005 imepangwa kwenye duara la milimita 114.3, kwa kuwa Subaru waliifungia habu imara zaidi. WRX ya kawaida, isiyo STI, ilibaki na 100 hadi modeli ya 2015, ndipo nayo ikahamia 114.3. Kipimo hicho ndicho wauza rimu hukiita PCD. Muuzaji akikuuliza gari gani, ukamjibu “Impreza”, naye akanyanyuka kwenda kuleta rimu bila kuuliza la pili, ondoka.

Namba 114.3, isiyo nzima, ni inchi nne na nusu kamili.

Je, wajua kwamba rimu ya Toyota Wish au Prius inaweza kulingana na studi zote tano za WRX ya 5x100 na bado isikae? Tundu la katikati la rimu hizo ni milimita 54.1, na kichwa cha habu ya Impreza ni milimita 56.1. Tundu linaweza kupanuliwa kwa mashine ya kukereza, na fundi mwenye vipimo hulifanya vizuri. Akishika tupa au mashine ya kusagia kwa mkono, chukua rimu yako uende zako, kwa sababu tundu halitabaki duara.

Kinyume chake pia kipo. Rimu ya Mitsubishi Lancer Evolution ina tundu la 67.1, kwa hiyo kwenye STI ya 2005 inaingia ikiwa imelegea. Bila pete ya kujaza pengo hilo, rimu hushikwa na nati peke yake, na ikikaa kando hata kidogo usukani hutetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu. Wenye magari wengi hurudia balansi mara nyingi wakiutafuta mtetemo huo kwenye vipande vya risasi, na uko kwenye tundu la katikati. Pete ni kitu cha bei ndogo. Iulizie siku hiyohiyo unayonunua rimu.

Na Toyota 86? Hiyo ina 5x100 na tundu la 56.1 kama Subaru, maana ilitengenezwa na Subaru kwenye kiwanda chao cha Gunma, Japani.

Je, wajua kwamba nati ya Toyota huanza kuingia vizuri kabisa kwenye studi ya Subaru? Zote ni za milimita 12. Lakini meno ya Subaru na Nissan yameachana milimita 1.25, na ya Toyota, Honda na Mitsubishi yameachana 1.5. Nati huzunguka mara chache kwa vidole, kisha hugoma. Kijana mwenye mashine ya upepo asiyejali kugoma huko huendelea kukaza, na meno ya studi husagika. Anza kila nati kwa mkono, hadi karibu na mwisho, kabla mashine yoyote haijaigusa. Tazama pia kikalio chake: rimu nyingi za madukani zinataka nati yenye koni ya nyuzi 60, nati za kiwandani za Honda zina kikalio cha mviringo kama mpira, na nyingi za kiwandani za Toyota zina washa bapa. Nati isiyolingana na kikalio hugusa sehemu ndogo tu ya chuma, na hulegea gari likiwa safarini.

Rimu ya inchi 17 ukiipima ukingo kwa ukingo kwa futi ya fundi utapata karibu inchi 18. Hujauziwa nyingine. Kipimo cha rimu huchukuliwa pale tairi linapokalia, ndani ya kingo.

Sasa ofseti, na hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusana na habu, kwa milimita, na mara nyingi hupigwa mhuri wa ET. Rimu ya kiwandani ya STI ya 2005 ni 17x8 ET53. Kijana anaona rimu ya 18x9.5 ET38, anaipenda, anauliza kama itaingia. Hesabu yake ni hii. Upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38.1, na nusu yake, 19, inakwenda kila upande. Ofseti imepungua kwa 15, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 15. Upande wa nje: 19 na 15 ni milimita 34 zaidi kuelekea kwenye fenda. Upande wa ndani: 19 ukitoa 15 ni milimita 4 tu kuelekea kwenye shokapu. Kwa hiyo ndani haitagusa kirahisi, lakini nje itataka fenda ikunjwe ukingo wa ndani, au tairi lisugue kila unapovuka tuta ukiwa na abiria nyuma.

Kusogea nje huko hakuishii kwenye fenda. Uzito wa gari sasa unaielemea bearingi kutoka mbali zaidi, na gurudumu moja la mbele likipiga shimo, usukani huvutwa mkononi kwa nguvu kuliko zamani, kwa sababu tairi limehama kutoka kwenye mstari ambao mhandisi alitaka lizungukie. Spesa nene zinaleta madhara yaleyale hata kama rimu ni ya kiwandani. Mimi huwashauri watu wakae ndani ya milimita 10 za ofseti ya kiwandani kwa gari linalokwenda kazini kila siku, na watumie pesa iliyobaki kwenye tairi.

Je, wajua kwamba ofseti sahihi haitoshi kuipisha breki? Kalipa za Brembo za STI ni nene, na zinahitaji rimu ya inchi 17 au zaidi. Hata kati ya za 17 kuna zinazogusa, kutegemea spoku zake zimepindaje. Kata kadibodi kwa umbo la kalipa, ijaribu ndani ya rimu dukani. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Mhuri wa JWL nyuma ya rimu ni wa kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Rimu maarufu ya TE37 ya kampuni ya RAYS, iliyotoka 1996, ilipata namba yake kutokana na uzito wa kilo 3.7 wa ile ya inchi 15. Wepesi huo una maana: gurudumu liko chini ya springi, na kadiri linavyokuwa jepesi ndivyo springi na shokapu zinavyoweza kulirudisha haraka kwenye lami baada ya tuta.

Tairi. 225/45R17 maana yake upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Ubavu ni milimita 101, na kipenyo cha gurudumu zima ni karibu milimita 634. Ukienda 245/40R18 kipenyo kinafika 653, sawa na ongezeko la asilimia 3. Usukani hautakwambia, lakini spidi halisi imezidi ile unayoisoma kwa kiasi hichohicho ikilinganishwa na tairi la awali.

Ukichagua 225/35R19, kipenyo kinabaki karibu na cha kiwandani, 640, ila ubavu umeshuka hadi milimita 79. Hizo milimita 22 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikiikinga rimu na shimo. Sasa linganisha na wanaojua kukimbia. Magari ya ngazi ya juu ya mashindano ya dunia ya rali hufunga rimu za inchi 18 kwenye lami, lakini kwenye changarawe na vumbi hufunga za inchi 15, na tairi la 205/65 lenye ubavu wa milimita 133. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari hayo yote, ya mamilioni ya shilingi, yalikuwa kwenye inchi 15. Impreza yenyewe ilishinda Safari ya ubingwa wa dunia mara mbili, 1997 ikiwa na Colin McRae na 2000 ikiwa na Richard Burns, na picha zake zinaonyesha tairi nene na nafasi kubwa chini ya fenda. Rimu za rangi ya dhahabu zilizotufanya tulipende gari hili zilikuwa rimu za kazi.

Herufi ya mwisho kwenye kipimo cha tairi ni ya kasi: V ni hadi km 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. Tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Michelin wanashauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama maua yake bado yamesimama. Tairi la mtumba lenye maua mazuri na tarehe iliyofutwa halifai kufungwa kwenye gari la kasi, kwa bei yoyote.

Je, wajua kwamba kubadili tairi moja tu kunaweza kuua gia ya Subaru? Kwenye Subaru nyingi magurudumu yote manne yanaendeshwa. Subaru wanataka mizingo ya matairi yote manne isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, karibu milimita 6.4. Ukigawa hesabu hiyo, ni tofauti ya milimita moja tu ya kina cha maua. Tairi jipya likikaa pamoja na matatu yaliyolika nusu, difu ya kati inazunguka bila kupumzika, safari nzima, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Tuje kwenye alaimenti. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Tou ni kama matairi yanabana kwa mbele au yanatawanyika ukiyatazama kutoka juu. Kasta ni jinsi mhimili wa usukani unavyolala nyuma ukitazama gari ubavuni, na ndiyo inayourudisha usukani katikati baada ya kona.

Wengi huilaumu kemba tairi linapoisha ndani. Mlaji mkubwa ni tou. Gurudumu lililokosea mstari wa safari kwa uzi 0.1 husugua lami kando kwa takriban mita 1.75 kila kilomita. Nairobi hadi Mombasa, km 480 hivi, ni mita 840 za kuburuzwa. Pitisha kiganja juu ya maua kwa upande: ukihisi meno ya msumeno ukienda upande mmoja na ulaini ukirudi, ni tou. Ukingo wa ndani ukiwa laini na umelika sawasawa, hapo shuku kemba. Mabega yote mawili yakiisha, upepo ni mdogo.

Kemba hasi ina kazi yake. Mbele ya Impreza kuna shokapu za MacPherson, na gari likiinama kwenye kona tairi la nje hulazwa nje, likasimama kwa bega. Ndiyo maana dereva wa mbio huweka hasi 2 au 2.5 mbele. Kwa gari la barabarani napendelea hasi 1 hadi 1.5, tou sifuri mbele, na nyuma ibane kidogo sana ili mkia utulie. Boliti ya juu inayoshika shokapu kwenye nako ina kikamu cha kurekebisha kemba ya mbele. Kemba ya nyuma, kiwandani, haina marekebisho. Fundi anayekwambia ameirekebisha bila kuongeza kifaa chochote mwombe akuonyeshe boliti aliyoigusa.

Je, wajua kwamba kushusha gari kupita kiasi kunaweza kulifanya liiname zaidi kwenye kona? Mkono wa chini ukifika mahali pa kupanda juu kuelekea kwenye gurudumu, jiometri ya shokapu hizi hugeuka: kemba haiongezeki tena springi zinapobanwa, na kitovu ambacho gari huinamia hushuka haraka kuliko gari lenyewe. Springi fupi zinaomba alaimenti siku ile, na tena baada ya wiki chache zikishakaa.

Alaimenti juu ya bushi zilizochoka ni pesa iliyotupwa. Mashine inapima gari limesimama, na bushi iliyopasuka huhama mara tu unapokanyaga breki. Kagua kwanza bushi, boljointi na tairodi, jaza upepo sawa matairi yakiwa baridi, ndipo gari lipande kwenye mashine. Kila nyuzi 10 za joto hubadili upepo kwa takriban psi 1.5, basi usipime baada ya safari ndefu.

Nyuma hupangwa kabla ya mbele. Magurudumu ya nyuma yakielekea kando, gari huenda mshazari na usukani hukaa upande hata kama mbele ni sawa.

Kwenye karatasi ya mashine, 0°30' si uzi 0.30. Ni dakika 30, na dakika 60 hufanya uzi mmoja, kwa hiyo ni nusu uzi. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Kasta ikitofautiana sana kushoto na kulia, usikubali kuondoka: kwenye Impreza haina marekebisho ya kiwandani, kwa hiyo kuna kitu kimepinda.

Na je, wajua kwamba barabara yenyewe inavuta gari? Lami huinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari huteremkia kushoto taratibu ukiachia usukani, na fundi mzuri anaweza kuacha tofauti ndogo ya kemba kati ya pande mbili ili kulizuia. Vuka mpaka wa Gatuna kuingia Rwanda, wanakoendesha kulia, na gari lilelile lililopangwa hivyo Nairobi litavutwa kulia zaidi, kwa sababu mteremko na marekebisho sasa vinasukuma upande mmoja.