Mzigo wa Mgeni Huwekwa na Mwenyeji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakunena kwamba mgeni ajichagulie chumba cha kutua mzigo wake. Kosa hilo limewahi kutendwa na programu nyingi za kupakulia faili, na mwalimu wa Kakamega apakuaye mitihani ya mazoezi kutoka intanetini hana budi kulielewa.

Tarakilishi hupanga faili katika folda, moja ndani ya nyingine. Nukta mbili zikifuatwa na mkwaju huiamuru ipande hadi folda ya juu. Basi seva yenye hila hulitanguliza jina la faili kwa alama hizo mara kadhaa. Programu ikilipokea jina hilo bila kulichunguza, faili haitui pale ulipopachagua. Hupanda ngazi kwa ngazi, ikaenda kuchukua nafasi ya faili yako nyingine.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2002 dosari hiyo ilibainika katika Wget na programu nyingine za FTP. Mwaka 2019 ikafichuliwa kwamba SCP, iliyorithi utaratibu wa RCP ya miaka ya 1980, haikuhakikisha ipasavyo kwamba faili iliyoletwa ndiyo iliyoagizwa. Mwaka uo huo kampuni ya Check Point ilionyesha dosari ya jamii hiyo katika WinRAR, iliyojificha kwa miaka 19: kulifungua furushi la faili kuliweza kupandikiza programu ya uharibifu ambayo ingejiendesha tarakilishi iwashwapo tena.

Wapo watakaodai kwamba hayo ni ya wataalamu. Sikubaliani nao kamwe. Tarakilishi moja ya chumba cha walimu yaweza kuhifadhi alama za shule nzima, na huguswa na mikono mingi. Dosari hizo zilirekebishwa, lakini marekebisho hayamfai anayetumia toleo kuukuu. WinRAR, kwa mfano, haijisasishi yenyewe. Sharti mtu alitafute toleo jipya kwa waundaji wake.

Nanyi wanafunzi wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kesho ndinyi mtakaoandika programu. Msiliamini jina lililotoka nje. Lichunguzeni, mkokotoe njia litakakoishia, na likivuka mpaka wa folda iliyochaguliwa, likataeni. Tumezoea kuwaonya watu dhidi ya mwizi avunjaye mlango. Huyu havunji kitu; sisi wenyewe ndio tuliomwita.