Wawindaji wa akiki: Jiwe ni la bure jangwani, lakini ukivuka mpaka ni kosa la jinai

Kila msimu wa baridi, watu wengi nchini Marekani hujaza madumu ya maji, hupakia nyundo na ndoo kwenye gari, na kuelekea majangwa ya Arizona, California na New Mexico. Hawatafuti dhahabu. Wanatafuta akiki.

Watu wa Pwani wanalijua jina hili. Ni jiwe lile linalowekwa kwenye pete za fedha kutoka Yemen. Shanga za akiki nyekundu kutoka Khambhat, India, nazo zililetwa na majahazi hadi Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba hawa hawanunui, wanaokota wenyewe.

Ukiwatazama utadhani ni mchezo rahisi: inama, okota, tia mfukoni. Kumbe kuna mambo matatu ya kujua kabla ya kutoka nyumbani: jiwe, ardhi na jangwa lenyewe. Ukikosea la kwanza, unarudi na kokoto. Ukikosea la pili, unalipa faini. Ukikosea la tatu, huenda usirudi.

Akiki inatoka wapi?

Volkeno inapolipuka, lava hupoa ikiwa na mapovu ya gesi ndani yake. Gesi ikitoka, panabaki vishimo. Kwa muda mrefu sana, maji yenye silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo, hupenya humo na kuacha tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana ukiipasua akiki unaona mistari iliyozungukana kama ya kitunguu kilichokatwa.

Baadaye lava huliwa na mvua, jua na upepo. Akiki haiishi kirahisi kwa sababu ni ngumu zaidi, hivyo hubaki juu ya ardhi au husombwa hadi kwenye makorongo makavu, yale ambayo kaskazini mwa Kenya huitwa laga.

Na kwa nini jangwani? Misitu na mashamba yapo pia juu ya lava, lakini huko udongo na majani hufunika kila kitu. Jangwani ardhi iko wazi.

Utaijuaje?

Kwa nje, akiki nyingi haivutii. Inafanana na kiazi chenye vumbi. Wazoefu hutumia mbinu hizi:

- Hutembea asubuhi au jioni wakielekea jua. Akiki hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo huwaka kama taa ndogo kati ya mawe mengine.

- Hubeba chupa ya kupulizia maji. Jiwe likilowa, rangi zake hujitokeza.

- Hujaribu ugumu. Akiki ina ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10. Inakwaruza kioo, na kisu cha kawaida hakiikwaruzi.

- Hurudi sehemu ile ile baada ya mvua kubwa, kwa sababu mafuriko hufukua mawe mapya.

Inayosakwa sana Arizona ni akiki ya moto. Ni ya kahawia, lakini ikisuguliwa vizuri hutoa rangi za upinde wa mvua kutokana na tabaka nyembamba mno za madini ya chuma ndani yake. Karibu na mji wa Safford kuna eneo la Black Hills, lililotengwa na serikali kwa ajili ya waokotaji wa mawe.

Umesimama kwenye ardhi ya nani?

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Jangwa halina ukuta, lakini lina wenyewe.

Sehemu kubwa ya majangwa hayo ni ardhi ya umma chini ya idara ya serikali inayoitwa BLM. Humo unaruhusiwa kuokota kiasi cha wastani kwa matumizi yako mwenyewe, si kwa biashara. Kwa miti iliyogeuka mawe, kiwango kimeandikwa kabisa: ratili 25 kwa siku na kipande kimoja cha ziada, yaani kilo 11 na kitu, na isizidi ratili 250 kwa mwaka.

Kuna hata hifadhi ya jimbo inayokukaribisha uondoke na mawe. Ni Rockhound State Park, karibu na mji wa Deming, New Mexico, ambako mgeni anaruhusiwa kubeba hadi ratili 15, karibu kilo 7.

Lakini ukiingia hifadhi ya taifa, hata kokoto moja ni kosa. Kwenye hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, wageni walioiba vipande vya miti ya mawe wamekuwa wakivirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Wahifadhi hawawezi kuvirudisha mahali vilipotoka kwa sababu hawapajui. Huvitupa kwenye rundo moja, na watu wameliita rundo la dhamiri.

Ardhi ya watu binafsi, ya makabila ya wenyeji na yenye vibali vya uchimbaji pia ni marufuku bila ruhusa. Na ukikuta kichwa cha mshale au kigae cha chungu cha kale, kiache hapo hapo.

Jangwa si la mchezo

Hatari kubwa ni ya kawaida kabisa: mtu huinamisha kichwa akifuata jiwe baada ya jiwe, na akiinua macho gari halionekani. Simu haishiki mtandao. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, ndiyo maana msimu mzuri ni kati ya Oktoba na Aprili.

Ushauri wa wazoefu ni huu: angalau lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, na akiba garini. Mwambie mtu unakoenda na saa ya kurudi. Usitie mkono chini ya jiwe usipopaona, kwani kuna nyoka ambao hutikisa mkia kwa sauti kama ya kayamba. Usiingie kwenye mashimo ya migodi ya zamani. Mawingu yakitanda milimani, toka korongoni mara moja, hata kama ulipo kuna jua.

Ukipasua jiwe, vaa miwani ya kujikinga. Ukilikata, tumia msumeno wenye maji: vumbi lake la silika huharibu mapafu, na mapafu hayo hayaponi.

Je, kwetu inaruhusiwa?

Usichukulie sheria za Arizona kuwa zako. Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya umma chini ya serikali hata yakiwa shambani kwako. Tanzania nayo madini ni mali ya Jamhuri. Na miti ya mawe ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, iko ndani ya hifadhi ya taifa: piga picha, usibebe.

Kwa hiyo kabla ya kuinama, uliza eneo hilo ni la nani. Jiwe limekaa hapo mamilioni ya miaka, halitakukimbia.