Picha za sebuleni: jinsi wachoraji wa Lubumbashi walivyosema yasiyosemeka

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mfanyakazi wa mgodi au wa reli mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa nchi jirani ya Kongo, aliweza kununua picha iliyochorwa kwa mkono kutoka kwa mchoraji aliyepita nyumba kwa nyumba. Bei yake ilikuwa nafuu, na mara nyingi ilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Aliitundika sebuleni, wageni wakaitazama, na mazungumzo yakaanza. Makala haya yanaeleza kwa nini picha hizo zilikuwa na uzito wa kisiasa ambao hotuba nyingi za wakati huo hazikuwa nao.

Sura iliyoshuka mawinguni

Jenerali Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua majina ya asili. Suti na tai ziliwekwa kando, likaja vazi lililoitwa abacost, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti ipotee". Rais mwenyewe alijulikana kwa kofia ya ngozi ya chui, na taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni.

Kwa juujuu, hayo ni mambo ya mavazi na mapambo. Lakini raia anayeona sura hiyo kila jioni huzoea kumfikiria mtawala kuwa mtu wa juu, asiyeulizwa. Wala isidhaniwe kwamba watu walilazimishwa tu. Wako walioona fahari ya kweli kuvua mavazi ya mkoloni, na sanaa ya dola ilipata nguvu kwa kuigusa fahari hiyo.

Kiboko cha jana na cha leo

Katika nyumba za wafanyakazi zilitundikwa picha za namna nyingine. Mojawapo iliyopendwa sana ilikuwa ya mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayesadikiwa kumpa mtu utajiri kwa masharti mazito. Nyingine ilibeba maandishi ya Kifaransa yaliyosema kuwa ni koloni la Ubelgiji, 1885 hadi 1959. Ndani yake mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa, na ofisa Mzungu amesimama akitazama. Kiswahili chenyewe kinaikumbuka adhabu hiyo, kwani neno kiboko ni jina la mnyama, na pia la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake.

Kwa nini mtu atundike nyumbani mwake picha ya aibu hiyo, zaidi ya miaka 10 baada ya uhuru? Watafiti walioifanyia kazi sanaa ya Lubumbashi, miongoni mwao Johannes Fabian na Bogumil Jewsiewicki, walionyesha kwamba picha za ukoloni zilizungumza pia juu ya wakati uliopo. Kumchora askari wa Mobutu akimpiga raia lilikuwa jambo la hatari. Lakini anayechapa katika picha hii ni Mwafrika mwenye sare, na anayeamuru yuko pembeni bila kuchafua mikono. Mtazamaji alijaza yaliyobaki kimyakimya. Kama mtu wa serikali angeingia, picha ilimlaumu Mbelgiji tu.

Wenyeji waliziita picha za aina hii ukumbusho. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtu akumbuke, na akishakumbuka, afikiri.

Mahali pa kaburi

Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, si mbali na mji huohuo. Miili iliharibiwa ili pasiwe na kaburi la kuzuru. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye wanajeshi wake ndio waliomkamata Lumumba, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Kumsifu Lumumba kukawa halali, ilhali kuuliza nani alimsaliti kukabaki kugumu.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, alilichora tukio hilo. Watatu wamelala chini, damu ya Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Mkristo yeyote aliuelewa mlima huo bila kuelezwa. Na aliyemwona Lumumba mahali pa Yesu alibaki na swali la nani alikuwa Yuda.

Kuanzia mwisho wa mwaka 1973, Tshibumba alimuuzia Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo, mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazosimulia nchi tangu enzi za mababu. Mazungumzo yao, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, yalirekodiwa na kuchapishwa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria.

Jicho huamini upesi

Historia hiyo ina mipaka yake. Kutoka 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili, na baada ya hapo ndipo ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Picha ya kiboko inaziunganisha enzi hizo mbili kuwa moja. Kwa aliyechapwa tofauti hiyo haikuwa na maana, lakini kwa anayetafuta nani awajibike ni kubwa. Picha hushawishi kabla haijaulizwa ushahidi, nayo ni nguvu ileile aliyoitumia Mobutu mawinguni.

Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, mishahara ilipoteza thamani, na mnunuzi wa picha akatoweka. Tshibumba naye hakuonekana tena baada ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na picha alizomuuzia Fabian sasa ziko katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam.

Mwezi Juni mwaka 2022, Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino lake, mabaki pekee yaliyojulikana, likazikwa Kinshasa. Taifa lilisubiri miaka 61 kupata kitu cha kuzika. Katika muda huo wote, kwa familia nyingi za Lubumbashi, kaburi lilikuwa ukutani, juu ya kitambaa cha gunia la unga.