Viatu vyepesi vya mbio: Pima mguu wako kabla ya kupima bei

WAKIMBIAJI wengi wanapojiandaa kwa mbio ndefu, iwe ni kilomita 10, nusu marathoni au kilomita 42 kamili, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: Nivae kiatu gani ili niwe mwepesi?

Ni swali la maana. Hata hivyo, lina pacha wake ambaye husahaulika: Je, mguu wangu unaweza kukistahimili kiatu hicho hadi mwisho wa mbio?

Anayelijibu la kwanza na kulipuuza la pili huenda akashinda leo na kuuguza kano ya kisigino kwa miezi sita ijayo. Kwa kijana anayetegemea mashindano ya barabarani kujipatia riziki, msimu uliopotea ni karo ya nduguze, kodi ya nyumba na chakula.

Kwa nini wepesi hufaa

Uzito ulio mguuni huchosha kuliko uzito uo huo ukiwa kiunoni. Sababu ni kwamba mguu huinuliwa, hurushwa mbele na kusimamishwa katika kila hatua.

Mtu anayemaliza marathoni kwa saa 3 akipiga hatua 170 kila dakika atapiga hatua zaidi ya 30,000. Kila mguu utainuliwa mara 15,000 hivi. Kiatu kikizidi kingine kwa gramu 100, mguu mmoja utakuwa umeinua tani moja na nusu zaidi, karibu sawa na magunia 17 ya mahindi ya kilo 90.

Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwaongezea wakimbiaji uzito kwenye viatu bila wao kujua. Kila gramu 100 zilizoongezwa kwa kila kiatu zilimfanya mkimbiaji atumie takriban asilimia 1 zaidi ya nguvu, na mbio zake za mita 3,000 zikapungua kasi kwa karibu asilimia 0.8.

Asilimia hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini kwa mtu wa saa 3, ni karibu dakika moja na nusu. Katika mashindano yetu, watu wengi sana hupita katika muda huo.

Wepesi si kila kitu

Iwapo wepesi pekee ungetosha, sote tungekimbia miguu mitupu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka wa 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.

Mwaka wa 2012, watafiti wa chuo hicho cha Colorado walibaini kwamba kukimbia miguu mitupu hakumpunguzii mtu kazi kuliko kukimbia na viatu vyepesi vya gramu 150. Sponji iliyo chini ya kiatu hupokea mshindo wa ardhi. Isipokuwepo, kazi hiyo hufanywa na misuli, nayo hutumia nguvu.

Kwa hivyo, kiatu bora si kile chepesi kuliko vyote dukani. Ni kile chepesi ambacho bado kinakulinda.

Aina mbili

Viatu vya mbio za barabarani vilivyoko sokoni ni vya aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni ile ya zamani: soli nyembamba, kisigino kifupi, na uzito wa kati ya gramu 150 na 220 hivi. Hukufanya uihisi barabara, lakini hukukinga kidogo sana.

Aina ya pili ilienea baada ya mwaka wa 2017. Soli yake ni nene, imetengenezwa kwa sponji laini inayoruka kama mpira, na ndani yake mna kibamba kigumu cha nyuzi za kaboni. Ni viatu vya aina hii ambavyo Eliud Kipchoge alivaa alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka wa 2019. Brigid Kosgei alivaa vya aina hiyo alipoweka rekodi ya saa 2, dakika 14 na sekunde 4 mjini Chicago siku iliyofuata.

Chunguza pia muda vinavyodumu. Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia Berlin mwaka wa 2023 kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, kiatu chake kilikuwa na uzito wa gramu 138 tu. Bei yake ilikuwa dola 500 za Marekani, na kilitengenezwa kwa ajili ya shindano moja pamoja na mbio chache za kukizoea. Mfuko wa mtu wa kawaida hauwezi kuendesha mambo hivyo.

Mguu ndio hulipa

Kiatu cha kawaida cha mazoezi huinua kisigino takriban milimita 10 juu ya sehemu ya mbele. Katika kiatu chembamba cha mbio, tofauti hiyo huwa ndogo, pengine milimita 4. Kisigino kinaposhuka, kano kubwa iliyo nyuma ya kifundo cha mguu huvutwa zaidi, na misuli ya shavu la mguu hufanya kazi ambayo haikuizoea.

Matokeo yake ni maumivu ya kano, misuli kukaza, na unyayo kuuma asubuhi mtu anapotoka kitandani. Baya zaidi ni ufa mdogo katika mifupa myembamba ya mguu, unaotokana na mishindo mingi inayorudiwa bila mapumziko.

Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2013, wakimbiaji walihamia viatu vyembamba sana kwa muda wa wiki 10. Zaidi ya nusu yao walipatikana na dalili za mifupa ya mguu kulemewa.

Viatu vinene vyenye kaboni navyo vina mambo yake. Mwaka wa 2023, madaktari walieleza visa vya wanariadha watano waliopata majeraha ya mfupa wa katikati ya mguu baada ya kutumia viatu hivyo. Visa vitano haviwezi kuthibitisha kwamba kiatu ndicho chenye lawama. Lakini vinatuonya kwamba kibamba hicho huhamisha mzigo; hakiuondoi.

Wapo wanaosema kwamba vijana wa Bonde la Ufa huvaa viatu vyembamba bila taabu. Mwaka wa 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba vijana wa huko waliokua wakikimbia miguu mitupu mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya mguu wanapotua. Mguu wa namna hiyo umefunzwa tangu utotoni. Mfanyakazi wa ofisini aliyeanza kukimbia mwaka jana hana mguu huo, hata akinunua kiatu kile kile.

Jinsi ya kuchagua

Nenda dukani jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa, kama inavyovimba katika mbio ndefu. Beba soksi utakazokimbia nazo.

Vaa viatu vyote viwili na usimame wima. Pima kwa ule mguu ulio mkubwa zaidi. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kiatu kinachobana mbele huleta malengelenge na kucha nyeusi, hasa unapoteremka mlima.

Kisigino kisichezecheze. Ukihisi kinapanda na kushuka unapotembea, kiatu hicho si chako. Usikubali kuambiwa kwamba kitapanuka au kitakaza baadaye. Aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Omba kukipima kwenye mizani. Uzito unaotangazwa ni wa saizi moja tu. Kiatu cha saizi kubwa huwa kizito zaidi.

Fikiria barabara utakayokimbilia. Soli nyembamba inayofaa lami laini itakuumiza kwenye changarawe yenye mawe. Isitoshe, soli nene na laini huweza kuyumba kwenye njia mbovu na kukutegua kifundo.

Angalia soli ya ndani kama imegandishwa vizuri. Mjini Berlin mwaka wa 2015, soli za ndani za Kipchoge zilichomoka na kupepea kando ya viatu. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, lakini alimaliza miguu ikiwa imeumia.

Ukinunua mtumba

Wengi wetu hununua raba za mitumba, na hakuna aibu. Viweke viatu juu ya meza na uvitazame kutoka nyuma. Vikiinama upande mmoja, viache. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa imekauka, ina mikunjo mingi au hairudi, imekufa. Usafi wa sehemu ya juu usikudanganye, kwani kuosha hakufufui sponji.

Vizoee polepole

Wiki ya kwanza, vitumie mara moja tu kwa kilomita 3 au 4. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Mazoezi mengine yote yafanye na viatu vya kawaida, kwani hivyo vyepesi ni vya siku za kasi na siku ya shindano.

Imarisha pia misuli ya shavu la mguu. Simama kwenye ngazi, panda kwa vidole na ushuke taratibu mara 15, kisha rudia mara tatu. Zoezi hili halina gharama yoyote.

Anayeanza kukimbia, mwenye uzito mkubwa, au anayeuguza kano asiharakishe kuvaa viatu hivi. Mwenye ugonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni amwone daktari kwanza, kwa sababu lengelenge asilolihisi laweza kugeuka kidonda kibaya.

Dalili za hatari

Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Lakini ukiwa na maumivu mahali pamoja juu ya mfupa, ambapo unaweza kupagusa kwa ncha ya kidole, au yanayokuamsha usiku, acha kukimbia na uende hospitalini. Fahamu kwamba ufa wa aina hii huweza kukosa kuonekana kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Ukiambiwa picha ni safi na bado unaumia, rudi ukachunguzwe tena.

Usisahau sheria

Shirikisho la riadha duniani liliweka kanuni mwaka wa 2020: kiatu cha mbio za barabarani kisizidi unene wa milimita 40 na kisiwe na zaidi ya kibamba kimoja. Mwaka wa 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alitangulia kufika katika marathoni ya Vienna, akaondolewa kwa sababu soli zake zilizidi kipimo kwa sentimita moja. Ushindi ukamwendea Mkenya Leonard Langat.

Ikiwa pesa zako zinatosha jozi moja tu, nunua kiatu kizuri cha mazoezi, kisha ukimbie nacho hata siku ya shindano. Dakika moja utakayoipoteza barabarani inaweza kutafutwa tena mwaka ujao, mradi mguu uwe mzima.