Nguo za Kilingeni na Mavazi ya Madhabahuni

1. Utangulizi

Mchungaji anayehudumu katika sharika za pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe ni Mbagala na Tandika upande wa Temeke, au Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni, hawezi kulikwepa jambo hili kwa muda mrefu. Siku moja msharika atamletea mfuko, na ndani yake mtakuwa na kipande cha kaniki, au shuka nyeupe, au kile kitambaa chekundu ambacho watu wa Pwani hukiita bendera. Ataomba vitu hivyo vichomwe moto. Huenda msharika huyo huyo, siku nyingine, akaomba kwamba mchungaji amfunike mtoto wake mgonjwa kwa stola, kwa kuwa nguo ya kanisani ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Maombi haya mawili yanatoka katika chemchemi moja.

Makala hii inakusudia kueleza nguo hufanya kazi gani katika uganga wa pepo wa Pwani, na kuonyesha jinsi mtumishi asiyeielewa kazi hiyo anavyoweza, bila kukusudia, kuligeuza vazi lake mwenyewe kuwa hirizi.

Yafaa tuweke mpaka tangu mwanzo. Waganga si wa namna moja. Yuko ajuaye mizizi na majani, yuko aandikaye kombe, yuko mpiga ramli, na yuko mganga wa pepo. Sheria ya nchi nayo haiwachanganyi: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga wa tiba asili, ilhali mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Hapa tunashughulika na uganga wa pepo tu. Tena kanzu nyeupe na kofia ya jirani yetu Mwislamu haihusiani na habari hii. Hilo ni vazi la heshima la Pwani, na Wakristo wengi wa Pwani hulivaa vile vile.

2. Waliotutangulia katika uchunguzi

Kanisa letu halianzi leo kulitazama jambo hili. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliishi Bunju katika miaka ya 1960, akajifunza ibada na alama za Wazaramo kwa kukaa na akina mama wenyewe; kitabu chake kuhusu ibada na alama za Uzaramo kilitolewa mwaka 1970. Mumewe Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, aliwachunguza waganga wa Kizaramo katika jiji la Dar es Salaam lenyewe, na kazi yake ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1990. Jambo moja lapaswa kukumbukwa kutokana na kazi hizo: uganga haukuachwa kijijini watu walipohamia mjini. Ulihama nao, ukapata wateja wa makabila mengi na wa dini zote mbili, wakiwamo washarika wetu.

3. Nguo katika kilinge

Katika uganga wa pepo, mgonjwa huitwa kiti. Jina hili ndilo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Kiti hukaliwa na mwingine. Ngoma ipigwapo na ubani ufukizwapo, pepo hupanda kichwani, na anayesema kwa kinywa cha mgonjwa huhesabiwa kuwa ni mgeni mwenye kabila lake, lugha yake na madai yake. Mganga humwuliza jina na anachotaka. Mara nyingi katika madai hayo huwamo nguo.

Kila pepo ana nguo yake. Ruhani, ambaye huhesabiwa kuwa Mwarabu na Mwislamu, hutaka nguo nyeupe, marashi na udi. Pepo wa Kimasai hutaka nguo nyekundu. Huko Unguja kibuki, pepo wa asili ya Madagaska, hujulikana kwa kudai brandi. Kaniki, nguo nyeusi ya zamani, hutumika katika matambiko na katika maombi ya mvua, kwa maana wingu lenye mvua ni jeusi. Kwa hiyo rangi tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, hurudi tena na tena, kama zinavyorudi katika ibada za watu wengi wa Afrika. Nyeupe huelekea upande wa baraka na utulivu, nyekundu upande wa damu na hatari, nyeusi upande wa giza na mvua. Hata hivyo rangi haina maana moja isiyobadilika. Maana yake hutegemea shughuli inayofanywa na anayeitwa.

Basi tuulize: nguo hizi humvika nani? Mtazamaji ataona mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, lakini kwa watu wa kilinge mwanamke huyo hakuvaa. Aliyevaa ni ruhani. Nguo ni haki ya mgeni, ni dalili ya agano kati yake na kiti chake, na baada ya ngoma hutunzwa kando, isichanganywe na nguo za kila siku. Ndiyo sababu mwenye nguo hiyo huiogopa hata ikiwa imekunjwa sandukuni. Kuitupa ni kumvua mgeni mkali nguo zake.

Pana jambo jingine ambalo mchungaji asilipuuze. Mtaalamu I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini za kupagawa, alionyesha kwamba pepo katika nchi za Pembe ya Afrika mara nyingi huwapanda wanawake, na kwamba madai yao ya nguo na manukato huwa njia ya mke kumfikia mume asiyesikia. Kwa kinywa chake mwenyewe mama hathubutu kudai nguo mpya, lakini pepo anathubutu. Maelezo hayo hayatoshi kueleza kila kitu, lakini yanatufundisha kusikiliza. Ndani ya mfuko ule wa nguo huenda mkawa na malalamiko ya miaka mingi ambayo hayakupata mtu wa kuyasikia, hata kanisani.

4. Mfano wa mbali: kuhani wa dini ya Tao

Ili tuone vizuri zaidi, inafaa kulinganisha na mahali palipo mbali nasi. Katika dini ya Tao ya China, vazi la kuhani liliwekewa kanuni tangu karne ya 5, na mmoja wa waliozipanga alikuwa Lu Xiujing (406–477). Hadi leo kuhani mkuu wa ibada hizo huvaa joho pana linaloitwa jiangyi, yaani vazi la kushuka, lililotariziwa alama za mbinguni kama jua, mwezi na nyota. Anyooshapo mikono, joho hukunjuka likawa kama picha ya ulimwengu mzima. Akiwa amelivaa, yeye ni afisa wa baraza la mbinguni, naye hupeleka huko maombi ya watu yaliyoandikwa, kama afisa alivyopeleka barua mbele ya mfalme wa China.

Tofauti na Pwani ni kubwa. Katika kilinge nguo humvika mgeni anayeshuka, bali kwa Watao humpa mtu cheo cha kupanda. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: pasipo nguo, tendo halikamiliki. Nguo ni sehemu ya nguvu inayotumika. Hapo ndipo Mkristo wa Kilutheri anapopaswa kusimama na kupima vazi lake.

5. Mavazi yetu yametoka wapi?

Wamisionari wa Kijerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na kazi ya Uzaramo ikachukuliwa na Misioni ya Berlin mwaka 1903. Katika kanisa lao la Prussia, vazi la mchungaji lilikuwa joho jeusi. Joho hilo halikutoka katika Maandiko wala kwa mitume. Liliagizwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III mwaka 1811, kwa amri ya serikali. Alba nyeupe nayo, ambayo sharika nyingi zinaitumia pamoja na stola, asili yake ni kanzu ya kawaida ya Warumi wa kale. Kanisa la kwanza liliwavika nguo nyeupe waliobatizwa, na Jumapili baada ya Pasaka ikapata jina lake la Kilatini kutokana na nguo hizo. Kwa maana hiyo alba si mali ya mchungaji peke yake. Ni nguo ya ubatizo, nayo ni ya washarika wote.

Luther mwenyewe alikutana na pande mbili za kosa. Krismasi ya mwaka 1521 Karlstadt aliadhimisha Meza ya Bwana huko Wittenberg bila mavazi ya ibada, na mji ukaingia katika ghasia za mageuzi ya haraka. Luther aliporudi Machi 1522 alihubiri siku nane mfululizo, akifundisha kwamba mambo ya nje yasiondolewe kwa kuwalazimisha walio dhaifu. Yeye mwenyewe aliendelea kuvaa vazi la utawa hadi Oktoba 1524. Hivyo mavazi yakahesabiwa kuwa adiafora, yaani mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1548 Kaisari alipowalazimisha Walutheri kurudisha desturi kadhaa, wengine wakasema ni nguo tu. Flacius akapinga: jambo la hiari likilazimishwa hata likaificha Injili, si la hiari tena. Kanuni ya Maafikiano ya mwaka 1577, katika kifungu cha 10, ilifundisha kwamba wakati wa kuungama imani hatuna ruhusa ya kukubali hata mambo kama hayo.

Fundisho hilo linatufikia Temeke na Kinondoni kwa njia isiyotazamiwa. Stola inayovaliwa Jumapili ni adiafora. Stola inayoombwa ili ishindane na kaniki si adiafora tena. Mchungaji akiitandaza juu ya mgonjwa, amekubali bila neno kwamba vita ni kati ya nguo na nguo, na kwamba ya kanisa ina pepo mwenye nguvu zaidi. Hali kadhalika fikirini siku ya Pentekoste. Mchungaji anaingia amevaa stola nyekundu, anaomba Roho Mtakatifu aje. Msharika aliyekulia karibu na kilinge atasoma nini, asipofundishwa kwamba rangi ile yakumbusha ndimi za moto, wala haimwiti mtu?

6. Maandiko

Haruni alivikwa mavazi ya utukufu na uzuri (Kut. 28), lakini katika Zekaria 3 kuhani mkuu Yoshua anasimama katika nguo chafu, na anayembadilisha ni Bwana. Elisha alipoyapiga maji kwa vazi la Eliya, alimwuliza Mungu wa Eliya yuko wapi, tumaini lake halikuwa katika kitambaa (2 Fal. 2). Mwanamke aliyegusa vazi la Yesu hakuachwa aende zake na siri ya vazi. Bwana alimwita mbele, akazungumza naye, na kumwonyesha kwamba imani ndiyo iliyomponya (Mk. 5). Leso za Paulo katika Matendo 19 zinasimuliwa pamoja na habari ya wana wa Skewa, waliolichukua jina la Yesu kama chombo cha uganga wakaondoka uchi. Na juu ya yote yako maneno ya Paulo kwa Wagalatia 3: waliobatizwa wamemvaa Kristo. Huyo ndiye vazi, na anayevikwa ni mwenye dhambi mwenyewe. Hakuna mgeni anayemkalia kama kiti.

7. Ushauri kwa mtumishi

Kwanza, mfuko uletwapo, mchungaji asianze na kiberiti. Na aulize: "Mama, nguo hii ulipewa kwa ajili ya nani? Ilianza lini?" Kisha anyamaze, asikilize.

Pili, nguo nyingine ni za ukoo, na kuzichoma bila ridhaa ya wenyewe huleta ugomvi na hofu mpya. Katika Matendo 19 wenye vitabu vya uganga ndio waliovileta na kuvichoma kwa hiari yao.

Tatu, mgonjwa aombewe kwa Neno na kwa kuwekewa mikono, akumbushwe ubatizo wake, na apelekwe hospitali. Stola ibaki shingoni mwa mchungaji.

Nne, mama anayeacha ngoma ya pepo anaacha pia kundi lililompa jina, nafasi na siku ya kusikilizwa. Usharika usipompa mahali katika kwaya, katika umoja wa wanawake, au katika jumuiya ya mtaani kwake, tumemvua nguo na kumwacha na baridi. Mumewe naye aitwe, kama madai ya pepo yalikuwa madai ya mke.

Tano, mavazi yafundishwe. Darasa la kipaimara lioneshwe alba na stola, vijana wazishike kwa mikono yao, waelezwe zilikotoka na kwa nini mchungaji huvaa: ili yeye binafsi afichike na huduma aliyokabidhiwa ionekane. Siku ya ubatizo, kabla ya maji, dakika tano zatosha kuwaeleza wazazi kwamba nguo nyeupe ya mtoto haimlindi na jicho la mtu yeyote. Anayemlinda ni yule ambaye mtoto amebatizwa katika jina lake, na ulinzi huo hauishi nguo ile itakapokuwa imempungukia.